Vitatange Wawili wa Fundi Meno

Fundi Meno alimpima samaki kwa kalipa. Ndiyo, kalipa, kile kipimio cha chuma chenye midomo miwili anachopimia upana wa jino la mbele la mteja. Alikuwa amekibandika kwenye kioo cha tangi sebuleni kwake, jicho moja kalifumba, ulimi kautoa kidogo pembeni, anamsubiri samaki asimame sawasawa. Mkewe alipita na kapu la nguo, akamtazama, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake. Baada ya miaka thelathini na moja ya ndoa, mtu hujua maswali yapi hayana haja ya kuulizwa.

"Saba nukta tano," Fundi alisema, akaandika kwa kalamu kwenye kiganja.

"Saba nukta tano nini?" aliuliza dada yake kutoka kitandani.

"Sentimita. Kuanzia mdomoni mpaka ncha ya mkia."

"Kwani unataka kumtengenezea meno?"

Fundi alitoa mfukoni ile kadi yake yenye meno ya mfano kumi na sita, yaliyopangwa kuanzia jeupe mpaka la manjano, akaisogeza karibu na kioo, kisha akakumbuka kwamba samaki mwenyewe ni mwekundu, akairudisha mfukoni kimyakimya.

Msimcheke bado. Huyu ni mtu aliyetengeneza meno ya bandia kwa miaka thelathini na mitano, katika vyumba viwili nyuma ya kliniki ya meno, vyumba vinavyonuka nta na plasta, rafu zimejaa mataya ya watu yanayokenua bila kicheko. Sifa yake ni moja, na anaijua: jino lake ukilipanga na majirani zake mdomoni, hata mama mzazi wa mteja hawezi kuonyesha lipi ni lipi. Urefu uleule, upana uleule, rangi ileile. Kwa Fundi Meno, vitu viwili vikikaa pamoja lazima vifanane. Hiyo ndiyo elimu yake, na ndiyo iliyomponza.

Dada yake aliitwa Dada Mkubwa na kila mtu, hata na watu waliomzidi umri. Mama yao alipofariki, Fundi alikuwa na miaka tisa na yeye kumi na tisa. Akaingia kiwanda cha nguo, sehemu ya ukaguzi. Kitambaa kilipita mbele yake juu ya meza ya kioo yenye taa chini, na kazi yake ilikuwa kukitazama tu, asubuhi mpaka jioni, akamate uzi uliokatika kabla kitambaa hakijakunjwa. Alitazama kitambaa kwa miaka ishirini na tisa. Kwa mshahara huo mdogo wake alisoma, akala, akavaa viatu, akajifunza ufundi. Watu wakimuuliza mbona hakuolewa, husema, "Nilikuwa natazama nguo." Na meno aliyo nayo leo mdomoni ni ya mdogo wake, yaliyotengenezwa na kuvunjwa mara tatu kabla fundi hajaridhika nayo.

Miezi saba nyuma, Dada Mkubwa aliteleza kwenye ngazi za jengo alimopanga chumba, ghorofa ya tatu, akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akawekewa chuma, akaletwa kwa mdogo wake. Vyumba vya kulala vilikuwa juu, kwa hiyo kitanda chake kikawekwa sebuleni, na kikaelekea tangi.

Tangi lenyewe aliliacha binti yao alipohamishwa kikazi mji mwingine. Lita mia tatu za maji ya chumvi, mawe ya baharini yaliyopangwa kama mapango, pampu inayonong'ona mchana kutwa. Ndani yake walikuwamo samaki wadogowadogo wa kawaida, na kitatange mmoja wa ile jamii ya vibete ambao hata wakizeeka hawazidi urefu wa kidole. Rangi yake ilikuwa ya kaa la moto, ubavuni ana mistari myeusi, ncha za mapezi zina buluu kidogo. Dada Mkubwa alimwita Mwenye Nyumba, kwa sababu kila asubuhi alizunguka jiwe hadi jiwe, akichungulia kila tundu, kama mwenye nyumba anayetafuta ufa ambao jana haukuwapo.

Sasa sikilizeni lililokuwa linamnyima Fundi raha. Dada yake alikuwa ametangaza kwamba siku atakayotembea mpaka getini na kurudi bila kushikwa mkono, kesho yake atarudi chumbani kwake. Alilisema bila hasira. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi nina miezi saba hapa na jembe sijaliona." Ngazi za lile jengo zilikuwa hamsini na sita, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba akianguka tena hatasimama. Mtaalamu wa mazoezi alikuja Jumanne na Ijumaa, na kila alipokuja Dada aliongeza hatua tano, sita. Hatua ambazo zingepaswa kumfurahisha mdogo mtu zilimtia homa.

Na kumwambia "usiende" hakuweza. Maneno ya namna hiyo hawakuwahi kuyasema wawili wale. Angeanzia wapi?

Kulikuwa na jambo jingine pia, ambalo Fundi hakuliona ingawa lilikaa sebuleni pake. Dada na mke wa Fundi waliheshimiana mpaka inauma. Mawifi wengine hugombana, na ugomvi wao hujulikana mtaa mzima, basi watu wakaburudika. Hawa, la. "Samahani, wifi." "Usijisumbue, wifi." "Aa, wifi, hapo panatosha." Mke alikuwa karani wa shule, saa saba mchana yuko nyumbani. Fundi alirudi saa kumi na moja. Katika saa hizo nne glasi ya maji ikisukumwa mbali kidogo, Dada Mkubwa aliitazama tu mpaka mdogo wake arudi. Hakuita. Mke alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka pale, na alinyamaza. Fundi aliuona ukimya huo akadhani ni amani.

Basi siku moja Dada, akiwa anamtazama Mwenye Nyumba, alisema, "Huyu anaishi peke yake. Si vizuri kiumbe kuishi peke yake." Aliyesema hayo ni mwanamke aliyekuwa anahesabu siku arudi kuishi peke yake ghorofa ya tatu, lakini binadamu hujiona mwisho. Fundi alidaka neno hilo. Akiwaza usiku na mchana akaona njia: atamletea Mwenye Nyumba mwenzake. Dada atapata wa kuwatazama wawili, atawazoea, ataona uchungu kuwaacha. Ndiyo maana ya kalipa.

Kwenye duka la samaki wa mapambo alimkuta mume wa mwenye duka, bwana ambaye ukimwomba akuuzie viatu alivyovaa atakuuliza unavaa namba ngapi. Fundi akachungulia tangi moja baada ya jingine, kalipa mkononi, mpaka akampata kitatange wa saba nukta tano kamili. Rangi ileile, idadi ya mistari ileile. Alifurahi kama aliyekamilisha safu ya meno ya juu. Nyumbani alifanya kila kitu kwa adabu: akauacha mfuko wenye samaki uelee juu ya maji mpaka joto likalingana, akatia ndani yake kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, saa nzima, ili mgeni azoee chumvi ya pale. Kisha akamwachia. Vitatange wawili wakatazamana, wakafanana kama pacha, na Fundi akaondoka kurudi kazini anapiga mbinja.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila mtu anaijua methali hiyo, na Fundi mwenyewe aliwahi kuisema kwenye mkutano wa wapangaji, lakini akili nyingi huondoa maarifa.

Saa nane mchana Dada Mkubwa aliona mkia wa kwanza ukichanika. Mwenye Nyumba na mgeni walikuwa wanazunguka ubavu kwa ubavu, mapezi yamesimama, kila mmoja anatafuta kuwa mkubwa na hakuna mkubwa. Kisha wakaumana. Magamba yakaelea. Mgeni akakimbilia nyuma ya pampu, akafuatwa, akatoka, akabanwa kwenye kona ya juu ya kioo, anahema upandeupande. Dada alishika ukingo wa kitanda ainuke. Mguu ukakataa. Na jicho lile lililokamata nyuzi kwa miaka ishirini na tisa likaona kwamba dakika mbili zijazo kuna mmoja atakufa mbele yake.

"Wifi!" alipiga kelele. "Wifi, njoo mbio! Wanauana!"

Mke wa Fundi alitoka jikoni na chujio la chai mkononi, viatu kaviacha njiani. Akapanda kwenye kiti, akaingiza mkono majini mpaka begani.

"Yuko wapi?"

"Kulia! Si huyo, huyo ndiye mwenyeji! Chini, wifi, chini ya lile bapa! Huyo! Huyo!"

Alimkamata kwa mara ya nne. Wakamtia kwenye ndoo ya maji ya tangi, Dada akaishikilia ndoo katikati ya magoti yake asije akaruka, na mke akasimama pale sakafuni anatiririka maji ya chumvi, gauni limemganda. Wakatazamana. Dada akaanza kucheka, na mke akacheka, wakacheka mpaka Dada akashika nyonga yake na kuomba radhi kwa nyonga. Kisha mke akaenda kubadili nguo, akakaa huko juu muda mrefu kuliko gauni moja linavyohitaji.

Fundi aliporudisha ndoo dukani alimkuta mwenye duka mwenyewe, mwanamke mwenye mikono iliyopauka kwa chumvi na sauti isiyobembeleza mtu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Habari ya kalipa akaomba irudiwe.

"Mzee wangu," alisema, "nani kakwambia samaki ni meno?"

"Nilitaka wafanane."

"Ndiyo ulivyowagombanisha! Hawa wote huanza maisha wakiwa majike. Wakikaa pamoja, mkubwa hushika madaraka, na akishashika, taratibu hugeuka dume. Mdogo hubaki jike. Wakilingana kila mmoja anajiona ndiye, watapigana mpaka mmoja aishe. Tofauti ndiyo inayowapatanisha." Akageuka nyuma. "Na wewe ulimuuzia!" Mumewe akakumbuka kwamba kuna boksi la kupanga stoo.

Fundi aliomba msamaha, na mwenye duka akafanya jambo ambalo Fundi bado anamshukuru nalo: alimpokea yule majeruhi akamtibu, wala hakukubali kumuuzia mwingine siku hiyo. Alimwonyesha mdogo tu, wa sentimita nne, aliyekuwa amemweka peke yake wiki tatu ahakikishe hana ugonjwa. "Huyu atakungoja. Katengeneze kwanza kisanduku cha kuona ndani, chenye matundu. Mgeni akae humo, ndani ya tangi lenu, wiki moja au mbili. Waonane wasishikane. Lakini nyumbani kwenu kuna mtu wa kukaa kuwatazama mchana kutwa? Kwa sababu siku ya kumfungulia haipangwi na kalenda. Mwenyeji ndiye anayeipanga, na mtu lazima amwone anapoipanga."

"Yupo," alisema Fundi. Hili hapa jembe.

Kisanduku alikitengeneza kazini baada ya saa za kazi, kwa plastiki aliyokuwa nayo, na plastiki aliyokuwa nayo ni ile ya ufizi. Pande mbili aliweza kuweka ya kuona ndani. Pande zilizobaki zikawa za waridi. Alitoboa matundu mia na kumi kwa keekee ya meno, akayalainisha moja moja yasimkwaruze mtu, akakilaza kisanduku majini siku tatu mpaka harufu ikaisha, maana plastiki mpya haiingii mdomoni mwa mtu kabla haijalala majini, sembuse kwa samaki. Kilipotundikwa kwenye tangi, Dada Mkubwa alikitazama kwa muda.

"Mdogo wangu," alisema, "umemjengea nyumba ya fizi."

Mgeni, yule mdogo wa sentimita nne, aliitwa Kidole. Aliingia ndani ya nyumba yake ya fizi saa tatu asubuhi, na saa tatu na dakika moja Mwenye Nyumba alikishambulia kisanduku kama aliyetukanwa. Fundi alimkabidhi dada yake kazi, akajaribu kuonyesha kama jambo dogo tu. Dada alimwangalia kwa jicho la mtu anayejua anachofanyiwa, lakini akavaa miwani.

Mke alileta kutoka shuleni karatasi za kujazia alama za mitihani zilizobaki. Dada akachora safu nne: Vita. Kutazama. Kula. Mengineyo. Siku ya kwanza, mpaka mchana, Vita vilikuwa arobaini na moja. Siku ya pili thelathini na nane. Saa saba mke akirudi alisoma karatasi kabla hata hajavua viatu.

"Thelathini na nane! Wifi, huyu mwanamke ana moyo mgumu."

"Mwanamke bado, lakini anaelekea kuwa mwanamume. Kumbe ndivyo dume linavyopatikana: jike likiachwa litawale."

"Nyumba ngapi nazijua, wifi."

"Na mimi nazijua. Andika hapo, thelathini na tisa."

Ikawa saa nane Dada analala kidogo na mke anashika zamu, kalamu mkononi, na Dada akiamka huuliza kwanza amekosa nini. Siku ya nne, Mwenye Nyumba akiwa amejificha upande wa nyuma wa kisanduku, Dada alisema bila kuondoa macho kwenye kioo, "Wifi, hebu nisogezee kiti. Pembe hii simwoni." Mke aliinuka kwa kasi hiyo, nusura aangushe kikombe. Siku ya sita Vita vilikuwa kumi na mbili. Siku ya nane vilikuwa vitatu, na katika safu ya Kula Dada aliandika kwamba Mwenye Nyumba alikula ubavuni kwa kisanduku ingawa chakula kingi kilikuwa upande wa pili. Siku ya kumi hakukuwa na Vita hata kimoja. Chini ya Mengineyo pameandikwa kwa mwandiko wa Dada, ulionyooka kama mshono: *Amelala kando yake mpaka taa ikawashwa.*

"Leo," Dada alisema.

Fundi alishauri wangoje Jumapili. Mawifi wakamtazama. Akaenda kuleta taulo.

Mwenye duka alikuwa amesema mawe yapangwe upya kwanza, ili mwenyeji naye ajione mgeni. Mke alikunja mikono akaingia majini, Dada akaongoza kutoka kitini. "Lile pango kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Sasa lile bapa, lilaze. Hapana. Ndiyo!" Kisha mke akainamisha kisanduku, na Kidole akatoka, mdogo, mwekundu, anatetemeka mapezi.

Mwenye Nyumba alikuja kama mshale. Fundi alifumba macho, nasema kweli, mtu mzima wa miaka sitini. Kidole alikimbia mzunguko mmoja, wa pili, akaingia pangoni akatoka upande wa pili. Kisha akasimama. Akajilaza ubavu, akaonyesha tumbo, akatulia. Mwenye Nyumba alimzunguka polepole, akamnusa mkia, akaondoka zake kwenda kukagua jiwe. Baada ya muda Kidole akamfuata.

"Fumbua macho," Dada alimwambia mdogo wake. "Kesi imekwisha."

Wiki zilizofuata walionekana pamoja kila mahali, mdogo nyuma ya mkubwa, na ncha za mapezi ya Mwenye Nyumba zikakolea buluu. Jioni, taa ikipungua, waliinuka wawili kutoka mawe na kuogelea juu sambamba, kisha wakashuka. Watu watatu waliketi kuwatazama, chai ikapoa. Fundi aliamini amefaulu.

Ijumaa moja mtaalamu wa mazoezi alisimama kando, mikono nyuma. Fundi aliomba ruhusa kazini awepo. Dada Mkubwa alitoka mlangoni na fimbo yake, akapita kwenye vyungu vya maua, akafika getini, akaligusa, akageuka, akarudi. Hatua themanini na nne kwa jumla. Hakushikwa. Mtaalamu alipiga makofi, akampa mkono, akaenda zake.

Dada alikaa kitandani, akapumua. "Basi," alisema. "Kesho mnisaidie kufunga vitu."

Fundi alikuwa na karata moja tu. "Na samaki? Nani atawatazama?"

"Wamepatana, mdogo wangu. Waliopatana hawahitaji mlinzi."

Fundi angekuwa amefanya kazi mbovu, samaki wakaendelea kugombana, dada yake angebaki. Aliyesema ni mkewe, ambaye alikuwa anakunja shuka. Aliliweka shuka chini.

"Wifi, nina neno," alisema. "Siku ile samaki walipogombana, uliniita. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilikupigia kelele. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Miezi saba nilikuwa nangoja hiyo kelele. Nikiwa jikoni nasikia unavyohangaika na glasi. Nakuja mpaka mlangoni, nasimama, najiambia akiita tu naingia. Huiti. Unamngoja mdogo wako saa nne nzima na kiu yako. Nikasema, wifi hataki mkono wangu, nisimlazimishe. Siku ile ulipoita, nilipanda juu kubadili nguo nikalia, tena kwa furaha. Sikukushukuru. Nakushukuru leo."

Dada Mkubwa alishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Nilidhani nakupunguzia kazi."

"Ulikuwa unanipunguzia ndugu." Akamwelekezea mumewe kidole. "Huyu mume unayemwona hapa, mtaratibu, hainui mkono, hapitishi siku bila kuuliza nimekula, wewe ndiye uliyemlea. Mimi nimemkuta tayari. Miaka thelathini na moja nakula matunda ya mti ulioupanda wewe, na hukuniachia hata nikuletee maji."

Pampu ilinong'ona. Fundi alijikuta amepiga magoti sakafuni mbele ya kitanda, hajui amefikaje, kichwa kwenye mapaja ya dada yake kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka tisa, viatu vya shule havijafungwa kamba. "Asante, Dada," alisema. Neno hilo lilikuwa limechelewa miaka hamsini na moja. Hakuwahi kulisema kwa sababu aliona mtu humshukuru mgeni, na huyu hakuwa mgeni. Sasa lilikuwa limetoka, na alilirudia mara nyingi asizoweza kuhesabu, kwa ajili ya ada, kwa ajili ya mkate, kwa ajili ya kitambaa chote kile.

Dada alimpapasa kichwa, akampa wifi yake mkono mwingine, akasema kachoka, alale. Wakala chakula cha jioni wakizungumza mambo ya mvua.

Asubuhi Fundi alivaa viatu vyake polepole kuliko kawaida. Juu ya kiti aliona begi la dada yake, tupu bado, limefunguliwa. Mkewe alikuwa jikoni, hana kazi ya shule Jumamosi, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Dada aliketi ukingoni mwa kitanda, ameamka kitambo. Fundi alitaka kwenda kumuuliza anahitaji nini, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miezi minane. Akajizuia. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa kazi.

"Wifi!" Dada Mkubwa aliita, kwa sauti ya kiwandani, ile ya kushinda mashine. "Wifi, njoo unishike, nataka kuoga!"

Jikoni sufuria ilianguka.

"Na ukija, uje na simu! Nataka kumwambia yule mama mwenye jengo kwamba chumba changu ampe mtu mwingine!"

"Nakuja, wifi!" mke wa Fundi alijibu, na tayari alikuwa anakimbia. "Nakuja, nakuja!"